Bangili Ambayo Fundi Hakuitazama

Dada yangu ni sonara, na ana wivu. Nayataja yote mawili kwa mkupuo mmoja kwa sababu ndivyo alivyo. Huwezi kumchukua nusu ukamwacha nusu. Mtaa mzima unamwita Fundi, mumewe anamwita Fundi, na mimi namwita Dada kwa kuwa nilizaliwa nyuma yake na sina ruhusa ya kusahau hilo.

Karakana tuliachiwa na baba. Ni chumba kimoja chenye dirisha pana kuelekea barabarani, meza ya mbao iliyokatwa nusu duara mbele ili fundi aingize tumbo, na chini ya meza kipande cha ngozi kinachodaka vumbi la dhahabu lisipotee. Dada anakaa hapo dirishani penye mwanga. Mimi nakaa nyuma kwenye mashine ya kung'arisha, ambako hakuna mwanga wala sifa. Yeye anachora, anayeyusha, anafua na kuunga; mimi nasugua mpaka kitu kiwake, kisha mteja anakuja kumshukuru yeye. Nimezoea. Nasema nimezoea, sijasema napenda.

Dada hauzi vitu vilivyopangwa kabatini. Kila kitu hutengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja na jambo moja: ndoa, mtoto aliyezaliwa, rafiki anayehama, mama anayestaafu. Na Dada hapokei kazi mpaka aambiwe habari za mtu atakayekivaa. Mteja anakalishwa kwenye stuli, Dada anaweka koleo mezani, anafuta mikono, anasema, "Haya, nipe habari zake." Hapo hata mwenye haraka anatulia.

Kuna bwana mmoja alikuja akitaka kidani cha mkewe, wametimiza miaka mingi katika ndoa. Dada akamuuliza, "Mkeo akikasirika, mikono yake anaiweka wapi?" Bwana akatazama dari. Hakujua. Dada akamwambia aende nyumbani akamtazame kwanza, ndipo arudi. Mimi nikanung'unika kwamba amemfukuza mteja. Wiki iliyofuata bwana akarudi, majivuno yamempungua, akasema mkewe akikasirika hukunja pembe ya kitambaa cha meza, anaikunja na kuikunjua mpaka hasira iishe. Dada akamtengenezea kidani chenye pembe moja iliyokunjwa. Tulisikia yule mama alipokipata aliangua kicheko, kisha akakaa chini akalia, kisha akataka kujua nani amemwambia mumewe. Hiyo ndiyo kazi ya Dada. Anaweza kumtoa mtu maneno hata awe ameapa kunyamaza.

Isipokuwa nyumbani kwake mwenyewe, ambako kuna maneno hakutaka yatoke.

Shemeji yangu ni mtunza stoo wa shule. Majirani wamembandika jina la Kimya, na hawakukosea. Ukimuuliza habari za kazini anasema nzuri. Ukimuuliza habari za msibani anasema nzuri, kisha anajirekebisha. Alipomwoa Dada alikuwa mgane mwenye mtoto wa kike anayejifunza kutembea kwa kushika kuta. Mtoto huyo tukamwita Binti, na jina likaganda. Dada ndiye aliyemlea. Alimsuka nywele, alimuuguza homa, alimfundisha kusoma saa na kutotaja umri wa mama yake mbele ya watu. Binti anamwita Mama tangu alipoanza kusema, na mimi ananiita mama mdogo. Ungedhani hapo mambo yamekwisha.

Hayakwisha, kwa sababu ya Marehemu.

Marehemu ni mke wa kwanza wa Shemeji, aliyefariki kwa ugonjwa Binti akiwa bado ananyonya. Picha zake ndugu wa Shemeji walizichukua kabla ya harusi ya Dada, kwa adabu, ili bibi harusi asizikute ukutani, na hazikuonekana tena. Afadhali wangeziacha. Mtu asiye na picha anakuwa mzuri kadiri unavyomwogopa, na Dada alimchora Marehemu kichwani kwake: mrefu, mpole, sauti laini, hajawahi kuunguza sufuria. Siku moja, ndoa ikiwa changa, Shemeji alimimina chai akasema, bila nia mbaya yoyote, kwamba Marehemu hakupenda chai ya moto. Tangu siku hiyo Dada anakunywa chai inayotokota, na ulimi wake umekwisha kufa ganzi. Akamwambia mumewe, "Habari za mwenzangu sitaki kuzisikia humu ndani." Shemeji, ambaye hahitaji kusukumwa sana ili anyamaze, akanyamaza.

"Dada," nilimwambia wakati fulani, "mtu yuko kaburini. Unashindana naye nini?"

"Angekuwa hai ningeshamshinda," akasema. "Ubaya wake ni huo. Mimi nanenepa, naota mvi, magoti yanalia. Yeye kila mwaka ana umri uleule."

Nikarudi kwenye mashine yangu.

Basi Binti akakua, akawa mwalimu wa watoto wadogo, akapata mchumba, kijana mmoja anayetengeneza miwani. Jumamosi moja asubuhi akaja karakana. Hakupitia nyuma kama kawaida yake. Alipita mlango wa wateja, akakaa kwenye stuli, akaweka mapaja pamoja kama mgeni. Nilidhani anatutania. Akatoa leso iliyofungwa fundo.

"Shangazi amenipa," akasema. "Baba alimpa anitunzie mpaka nitakapoolewa. Ni bangili ya mama mzazi. Nataka pete mbili, yangu na ya mwenzangu, zitoke humu."

Neno "mzazi" nililiona likimwingia Dada. Ni neno la kawaida, na Binti hakuwa na jingine la kutumia, lakini shingo ya Dada ilikaza. Hakuweka koleo mezani. Hakufuta mikono. Hata leso hakuifungua.

"Sawa," akasema. "Acha hapo."

Binti hakuinuka. "Hutaniuliza kitu?"

"Nikuulize nini, mwanangu? Wewe si mgeni."

Binti akakaa kidogo, akatazama vidole vyake, akaaga.

Sasa hapa inabidi nieleze jambo la ufundi, na nitakuwa mfupi. Dhahabu ya zamani haiyeyushwi ovyo. Kwanza unaikagua kwa kioo cha kukuzia, unatafuta mahali palipowahi kuungwa, kwa sababu si kila aliyeunga ni sonara. Kuna watu huunga kwa lehemu ya redio, ile yenye madini ya risasi ndani yake. Mahali hapo panakatwa na kutupwa. Ukiiacha risasi hata kama punje ya mchele, ikayeyuka pamoja na dhahabu, umeharibu yote: rangi inabaki nzuri, lakini ukiigonga inakatika kama biskuti. Hilo baba alitufundisha kabla hajatuachia kushika nyundo. Hata mimi msuguaji nalijua.

Dada alingoja nitoke kwenda kununua sabuni ya kung'arishia. Niliporudi, bangili ilikuwa tayari uji mwekundu ndani ya kikombe cha udongo cha kuyeyushia.

"Umeikagua?" nikauliza.

"Dhahabu ni dhahabu."

"Dada, umeitazama?"

"Nimefungua leso juu ya kikombe, ikaanguka yenyewe," akasema, macho kwenye moto. "Nikiitazama nitauona na mkono ulioivaa. Sitaki kuuona."

Akaimimina ikawa mche mdogo, mrefu kama kidole, akaupoza majini, akauingiza kwenye mashine yenye roli mbili za chuma inayobana dhahabu iwe bapa. Akazungusha mkono wa mashine. Nilikuwa nimempa mgongo, nikasikia mlio mdogo wa kukatika. Nilipogeuka, mche ulikuwa vipande vitatu. Dada akachukua kimoja, akakigonga kwa nyundo taratibu, kikamomonyoka mbele ya macho yetu.

"Risasi," akasema.

"Risasi," nikasema.

Nitawaambia nilichomshauri: nilimshauri adanganye. Dada ana bangili zake mbili nzito alizoachiwa na baba, ziko ndani ya kopo la maziwa tangu zamani na hazivai. Ayeyushe moja, atoe pete mbili, kazi iishe. Dhahabu haina jina. Binti atavaa, ataolewa, atafurahi, na hakuna atakayeumia.

"Halafu?" Dada akauliza.

"Halafu nini? Yamekwisha."

"Halafu avae dhahabu yangu maisha yake yote, na kila akiigusa aseme mama mzazi." Akaiweka nyundo chini. "Nimemlisha, nimemuuguza, nimemsomesha. Nitoe na dhahabu yangu, sifa aje azichukue yule aliyelala? Haiwezekani. Bora nimwambie mtoto kwamba nimeharibu."

Wapo watu wanaosema ukweli kwa kumwogopa Mungu, na wapo wanaosema kwa sababu wamebanwa. Dada ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeamua kusema ukweli kwa sababu ya wivu.

Jioni hiyo nilikula kwao, maana mtu asiyeolewa hula popote panapoiva. Dada akamuuliza mumewe, bila kumtazama, kama ile bangili iliwahi kuungwa.

"Iliungwa," akasema Shemeji.

"Nani aliiunga?"

"Mimi."

Huyu ni mtu ambaye bawaba ya mlango ikilegea anatafuta fundi. Akatueleza, kwa urefu usio wa kawaida yake, yaani sentensi tatu, kwamba ujanani aliwahi kuwa msaidizi kwa mtengeneza redio. Kwamba bangili ilivunjika. Na kwamba aliiunga mwenyewe kwa lehemu ya kazini kwa sababu aliona haya kuirudisha kwa sonara. Alijiunguza kidole. Akatuonyesha kidole chenyewe, akakitazama, akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililoharibu chakula, kwa sababu Dada hajawahi kulipata yeye. Akainuka akaiacha sahani imejaa. Nilimfuata jikoni, nikamkuta anasugua sufuria iliyokwisha kuoshwa.

"Miaka yote hii hajanigongea hata msumari," akasema. "Mimi nimeolewa na mtu wa kuita mafundi. Yule aliolewa na fundi."

Hakuuliza bangili ilivunjikaje. Alikuwa ameshasikia zaidi ya alichotaka, na wivu wake una tabia hiyo: unamla kwa kitu kidogo alichokijua, halafu unamzuia asijue kilichobaki.

Binti akaitwa. Alikuja akitoka kazini, chaki bado iko kwenye mkono wa blauzi. Dada alikuwa amevitandaza vile vipande juu ya kitambaa cheupe, havikufichwa hata kimoja.

"Nimeiharibu dhahabu ya mama yako," akasema. "Ilikuwa imeungwa kwa risasi. Sikuikagua."

Binti akagusa kipande kimoja kwa ncha ya kidole. "Wewe?" akasema. "Wewe unayekagua mpaka vifungo vya shati la Baba?" Kisha akanyanyua uso. "Ulifanya makusudi?"

Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa tangu mche ulipokatika. Nilimtazama Dada nikimwomba kimoyomoyo aseme hapana na aishie hapo.

"Kuiharibu, hapana," akasema. "Kutoitazama, ndiyo."

"Kwa nini?"

"Wivu. Nina wivu na mama yako, ninao tangu nilipoingia katika nyumba ile. Ulipoiweka hapa mezani niliona kama ameingia yeye mwenyewe."

Nilitegemea Binti alie, au aseme maneno ambayo hayarudi tumboni. Aliikunja tu ile leso tupu, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kiganjani.

"Nilikaa kwenye stuli yako," akasema. "Kila akaaye pale unamuuliza. Nilikuwa nangoja uniulize, nikujibu kwamba sijui. Sijui lolote, Mama. Sijui kama alikuwa mrefu au mfupi. Baba nikimuuliza ananiambia alikuwa mtu mzuri, basi, anaondoka. Shangazi naye anasema nimuulize Baba. Wewe ndiye unayejua kumtoa mtu maneno. Nilileta bangili ili umuulize Baba, halafu uniambie mimi."

"Si ungesema."

"Ningesemaje, katika nyumba ile? Nani alikuwa anasema?"

Binti akaitia leso mfukoni.

"Usihangaike na pete, tutanunua za dukani. Kuvaa dhahabu ya mtu nisiyemjua, imetengenezwa na mtu asiyetaka kumjua, sioni faida yake."

Pete za dukani, kwa mtoto wa sonara. Mtu akitaka kututukana sisi hahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo. Lakini si hilo lililonishtua. Binti aliniaga mimi, "Kwaheri mama mdogo," akatoka bila kumuaga Dada. Aliufunga mlango polepole mno, na mimi namjua: akipiga mlango kwa hasira, kesho anarudi. Harusi ilikuwa inakaribia na baada yake angehamia kwake. Niliona wazi kwamba anaweza kuwa mtu wa kutujia kwenye misiba tu, akakaa karibu na mlango, akaondoka na chai yake haijapoa. Dada naye aliliona. Alikaa na koleo mkononi, koleo lenyewe halijashika kitu.

Akaanza na kazi rahisi, yaani dhahabu. Risasi inaweza kutolewa, ila inakudai jasho. Unayeyusha upya, unanyunyizia chumvi ya shura, risasi inaungua na kupanda juu kama povu chafu, unaliengua, unamimina, unapoza, unagonga. Inapasuka. Unarudia. Moshi wake unachoma koo. Tulifungua dirisha na bado nilikohoa mpaka mbavu. Dada alirudia kutwa nzima, akarudia kesho yake, na mgongo wake unamuuma tangu mwaka juzi. Mwishowe mche ukapita kwenye roli bila kulia, ukatoka bapa, laini, unapinda bila manung'uniko. Ulikuwa umepungua, lakini ulitosha pete mbili nyembamba.

"Hongera," nikamwambia.

"Hongera ya nini? Hii ni ile nusu isiyouma."

Alasiri ya siku iliyofuata alimwita mumewe. Siku hizi Shemeji haingii karakana. Akitufuata husimama nje na kukohoa. Siku hiyo aliambiwa aingie, akaambiwa akae kwenye stuli, akakaa, funguo za stoo ya shule zikining'inia kiunoni. Dada akaweka koleo mezani. Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Haya," akasema. "Nipe habari zake."

"Za nani?"

"Mzee, usinitese. Za nani unazijua."

Mimi nikazima mashine. Sijisingizii kwamba ilikuwa imechemka. Niliizima ili nisikie.

Shemeji alinyamaza, na ninyi mnadhani mnajua kunyamaza. Kisha akasema, "Alikuwa anatembea haraka." Akasema kwamba siku zote yeye alikuwa anabaki nyuma na mizigo, na Marehemu alikuwa akifika nyumbani kwanza halafu anamuuliza alikuwa wapi. Akasema alikuwa mfupi, akipanga vyombo anapanda ndoo. Alikuwa anaimba vibaya na alijua kwamba anaimba vibaya, na hakuacha. Siri haikulala tumboni mwake; alimtajia mama mkwe zawadi aliyonunuliwa kabla haijafungwa karatasi. Sufuria aliunguza, tena nyingi.

Dada alikuwa anauliza kama anavyomuuliza mteja yeyote. Alikuwa anacheka vipi? Alipenda kukaa upande gani wa kitanda? Hilo la kitanda aliliuliza mwenyewe, na jibu lilipokuja nikaona mshipa wa shingo yake ukisimama, kwa sababu ndio upande anaolala yeye. Hakukatisha. Kila jibu lilimuuma, na kila likimuuma akauliza jingine. Yule Marehemu mrefu mpole aliyemchora kichwani alikuwa anafutika, lakini huyu mfupi anayepanda ndoo alikuwa mbaya zaidi, maana huyu mtu angeweza kumpenda.

"Na bangili," Dada akasema. "Ilivunjikaje?"

"Alinirushia. Ikanikosa, ikapiga ukuta."

"Akurushie wewe? Ulimfanya nini?"

"Wivu," akasema Shemeji.

Dada akainama mbele. "Wivu? Yeye? Wa nani?"

Shemeji akazishika funguo zake, akazipanga upya kwenye mnyororo. "Siku tulipokwenda kuichukua ikiwa mpya. Mzee wenu alikuwa na shughuli, kwa hiyo binti yake ndiye aliyemvisha. Njiani nikasema yule binti ana mikono mitulivu. Nilisema hilo tu. Hakunijibu mpaka tukafika nyumbani. Tukafika, ikaruka."

Nilihisi masikio yangu yanapata moto. Mzee wetu alikuwa na mabinti wawili, na mikono yangu mimi inadondosha vitu tangu utotoni.

"Hapa?" Dada akasema. "Bangili ilitoka hapa?"

"Hapa hapa."

Dada aligeuka akaitazama ile dhahabu bapa mezani. Baba alikuwa na namna yake ya kumalizia kifungo cha bangili, ncha mbili zimeviringishwa kama sikio; ungeijua hata gizani. Angeitazama mara moja tu, angeijua. Alikuwa ameitupa kwenye moto kazi ya baba yake.

"Kwa hiyo nilimwona," akasema polepole. "Nilimshika mkono. Sikumbuki uso wake, Mzee. Nimewavisha wangapi." Kisha wivu wake, ambao hata hapo haukukubali kupumzika, ukatafuta mlango mwingine. "Na wewe ulipoanza kuja hapa baada ya msiba, ulikuja kwa nani?"

"Mara ya kwanza nilikuja na bangili mfukoni. Nilitaka iungwe vizuri, kwa ajili ya mtoto. Nilipokuona nikaona haya kutoa lehemu yangu mbele yako. Nikauliza saa ngapi, nikaondoka."

"Nakumbuka," nikasema kutoka nyuma, kwa kuwa ni kweli. "Saa ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake."

"Kwa hiyo ulikuja kwa ajili yake," Dada akamwambia mumewe.

"Mara ya kwanza," akasema Shemeji. "Nyingine zile nilikuwa nimeiacha nyumbani."

"Na ukanyamaza muda wote huu."

"Ulisema hutaki kusikia habari zake. Na hii nayo ni habari yake."

Shemeji akainuka, akasimama kama mtu aliyemaliza maneno yake ya mwaka, akaenda zake.

Kesho yake Dada alifunga karakana mchana, tukatembea hadi shule anayofundisha Binti. Watoto walikuwa wameshaondoka. Darasa lilikuwa na viti vidogo tu, na Dada, mwenye mwili wake ule, akakaa kwenye kimoja, magoti yakafika kifuani. Binti alikuwa anafuta ubao. Alimsalimu kwa heshima ile ya kumsalimu mzazi wa mwanafunzi.

"Sikuja kuomba radhi, hiyo nitakuja siku yake," Dada akasema. "Nimekuletea habari za mama yako mzazi."

Alilisema yeye mwenyewe lile neno. Akamweleza yote: mwendo wa haraka, ndoo, nyimbo mbaya, siri, sufuria. Hakupunguza kitu, wala hakuongeza chumvi, na mimi nilikuwepo kushuhudia. Binti alishusha kifutio. Akavuta kiti kingine kidogo, akakaa mbele yake. Kwenye zile nyimbo akajishika mdomo, kwa sababu naye anaimba vibaya na sote tunajua. Dada akafika kwenye ukuta na bangili.

"Alimrushia Baba?" Binti akasema. "Kwa wivu wa nani?"

Dada akavuta pumzi. Angeweza kusema ni mwanamke fulani, siku za zamani, yamepita. Nilimwona akilifikiria hilo.

"Wangu," akasema. "Babu yako ndiye aliyeitengeneza ile bangili, na mimi ndiye niliyemvisha. Baba yako akasifia mikono yangu njiani."

Binti akasogeza kiti chake karibu. "Kwa hiyo mlijuana."

"Hatukujuana. Tulioneana wivu tu. Yeye alitangulia."

Binti akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati, akawa anafuta macho kwa kiganja chenye chaki, uso ukawa mweupe nusu. "Ameondoka na wivu wake," akasema, "na wewe wako umebaki nao."

"Umebaki. Sikudanganyi. Jana usiku sikulala upande wangu."

Mimi nilisimama mlangoni na mkoba wa Dada, kama kawaida yangu, mbeba mkoba. Kisha Binti akanyoosha mkono wa kushoto, akatandaza vidole juu ya meza ile ya chini.

"Haya, pima," akasema. "Watu nitawaambia dukani hawakuwa na saizi yangu."

Dada akatoa pete za kupimia, zile zinazokaa kwenye waya mmoja kuanzia ndogo hadi kubwa. Zikaanza kugongana. Mikono ilikuwa inatetemeka, sijawahi kuiona hivyo. Akajaribu moja, ikapita pembeni ya kidole. Akajaribu tena, ikapita.

"Ndiyo mikono yenyewe hii?" Binti akasema.

"Ilikuwa."

Binti akamshika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa pili, akakishikilia hapo mpaka kikatulia. "Taratibu, Mama," akasema, na pete ikaingia.